Kumpanda Zabibu bila hatamu

Nikipita ufuko wa Pirates, Mombasa, siku ya Jumapili sikosi mtu wa kuniuliza, "Dada, yule farasi umempa dawa gani?" Habari zimewafikia kwamba huko Utange kuna mwanamke anampanda farasi asiye na kitu kichwani, hana lijamu (chuma cha mdomoni), hana vigwe (kamba za kumwongozea), hana hata kamba ya pua, na farasi mwenyewe anazunguka, anasimama na kurudi nyuma akiambiwa. Wengine wameshaamua kwamba ni jini. Basi naandika hapa, nikiulizwa tena nitume linki niende zangu.

Farasi anaitwa Zabibu. Ni jike wa rangi ya hudhurungi, farasi wa mbio aliyeteremshwa kwa lori kutoka Nairobi alipostaafishwa uwanja wa Ngong. Kabla sijampata alifanya kazi ya ufukweni, ile ya kubeba watalii, watoto wa shule na maharusi wanaotaka picha. Kazi hiyo ina ubaya mmoja mkubwa: kila anayelipa anavishika vigwe kama anavyoshika chuma cha matatu dereva akikata kona. Na lijamu nayo ni chuma. Inakaa kwenye ule mwanya ulio kati ya meno ya mbele na magego, mahali ambapo farasi hana jino, ni ufizi mtupu juu ya mfupa. Ukimvuta hapo kila siku anajifunza kuvumilia, na ukizidi kuvuta naye anazidi kuvumilia. Zabibu alikuja kwangu akiwa kwenye hali hiyo. Ukivuta, anainua pua juu na kuendelea kwenda.

Sasa huu mchezo wenyewe ninaomfundisha Zabibu. Unaitwa reiningi, umetoka kwa wachunga ng'ombe wa Marekani, na chama chake kikuu, NRHA, kilianzishwa mwaka 1966. Mpandaji anaingia uwanjani peke yake, vigwe mkono mmoja, na kufuata mpangilio uliowekwa: duara kubwa kwa kasi, duara dogo polepole, farasi abadilishe mguu unaotangulia akiwa mbioni, asimame huku miguu ya nyuma ikiteleza mchangani, ageuke hapo hapo na kutoka mbio, arudi nyuma kwa haraka, azunguke mahali pamoja. Kila mmoja anaanza na alama 70, na kila kitendo kinaweza kumwongezea au kumpunguzia hadi alama moja na nusu. Farasi wa kazi hiyo hasa ni Quarter Horse, aina ya farasi wa Kimarekani, mfupi, mnene, nguvu zote ziko nyuma. Zabibu wangu ni mrefu, miguu mirefu, ameumbwa kwenda mbele na kufika. Kwa hiyo anayekuja Utange akitarajia kuona ya Marekani atarudi na nauli yake imepotea.

Kilichoniambukiza ni video ya mwaka 2006. Mpandaji wa Kimarekani, Stacy Westfall, anaingia uwanjani Columbus, Ohio, kwenye mashindano ya fristaili, yale ya kupanda kwa muziki. Yuko juu ya jike mweusi, Whizards Baby Doll, bila hatamu na bila tandiko. Baba yake alikuwa amefariki muda mfupi kabla, na mpando ule akamtunukia yeye. Akashinda. Watu huitazama ile video wakitokwa na machozi. Mimi nilikuwa namtazama kiuno, naisimamisha, nairudisha nyuma, naitazama tena, maana mikono haikuwa na kazi na farasi alikuwa anaambiwa kitu.

Nikamwonyesha ami yangu, aliyekuwa amekuja Mombasa kutibiwa macho. Ami ni mtu wa Amu, amefuga punda tangu utotoni, na mawe na mchanga wa nyumba nyingi za mtaani kwao umepita mgongoni mwa punda wake. Akaishika simu mbali na uso, akatazama mpaka mwisho, akanirudishia.

"Hilo ndilo la ajabu? Mwanangu, sisi tumezaliwa juu ya punda bila kitu."

Na hakusema uongo. Nenda katazame mashindano ya punda Lamu. Kijana amekaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, kijiti mkononi, hakuna tandiko. Akimgusa shingo upande huu, punda anapinda upande ule. Na Afrika ina mambo haya tangu zamani sana. Wanumidi, watu wa sehemu ambazo leo ni Algeria na Tunisia, walipigana vita juu ya farasi wasio na hatamu, wakiwaongoza kwa kijiti na kamba ya shingoni. Hannibal, jemadari wa Carthage, alikuwa nao kwenye vita vya Cannae, Italia, alipowapiga Warumi mwaka 216 KK. Jirani zao wa Kimauri wamechongwa kwenye nguzo ya mfalme Trajan kule Roma wakiwa juu ya farasi hivyo hivyo, kichwa kitupu. Kwa hiyo yule kaka aliyeniambia naiga Wazungu, nakuomba urudi nyuma kidogo kwenye historia.

Lakini ami nilimjibu. Nikamwambia, punda wako anaijua njia ya Shela, ndiyo maana anafika. Mwambie azunguke mahali pamoja mara nne, kisha asimame asiongeze hata hatua.

"Azunguke kwa nini?" akaniuliza. "Amepoteza nini?"

Hapo alinishinda.

Haya, kazi. Jambo ambalo watu hawataki kuliamini ni kwamba farasi wa bila hatamu hufundishwa akiwa amevaa hatamu. Zabibu alianza na lijamu laini, mdomo ukapumzishwa, na kila ninalomwomba nikalipanga kwa zamu: kwanza mwili wangu, kisha mguu, kisha kamba ya shingoni, na vigwe mwisho kabisa. Kama ameitika kwa la kwanza, la pili halimfikii.

Mchukulie kusimama, maana farasi asiyesimama hana haja ya kufundishwa mengine. Tunakwenda mbio za polepole, kiuno changu kinafuata mwendo wake. Kwanza naacha kumfuata. Kiuno kinatulia, mgongo wa chini unalegea, uzito unashuka kwenye ile mifupa miwili ya kukalia. Natoa pumzi. Kisha nasema "hoo". Kama bado anakwenda, ndipo vigwe vinapanda, taratibu, mpaka asimame, na akisimama vinashuka palepale, wala si baada ya kuhesabu moja mbili. Farasi hajifunzi unapomvuta, anajifunza unapoachia. Ukichelewa kuachia umeshamfundisha kitu kingine, na hutajua ni kitu gani mpaka siku atakapokuonyesha. Ukiwa mvumilivu, inafika asubuhi unatuliza kiuno na sikio lake moja linageuka nyuma kukusikiliza, kabla hujasema neno. Ameshajua kinachofuata. Baadaye anasimama kwa pumzi tu, vigwe vimelala shingoni havijaguswa, na kuanzia hapo lijamu imo mdomoni lakini kazi yake imekwisha.

(Neno lenu la kusimama liwe lile msilolitumia kwenye mazungumzo. Kijana mmoja wa ufukweni alitaka kutumia "basi". Nikamwambia haya, lakini sasa ukiwa juu ya farasi usizungumze na mtu yeyote wa Mombasa.)

Kamba ya shingoni nimeitengeneza mwenyewe kwa kamba ya makumbi, ile ya kufungia boriti, kwa sababu ni ngumu kidogo na hukaa duara bila kulegea. Kamba laini huning'inia na kumpiga piga farasi bila sababu. Makumbi yanachubua, kwa hiyo nimeizungushia vipande vya leso kuukuu na kuishona. Inakaa chini, shingo inapokutana na kifua. Haikai kooni, na nikiona mtu anamvuta farasi koo kwa kamba namshusha mara moja. Nikitaka aende kushoto, kamba inamgusa shingo upande wa kulia, naye anauhama mguso. Mwanzoni kamba na vigwe vinakaa mkono mmoja: kamba inagusa, anasita, kigwe kinamweleza, anageuka, vyote vinaachiliwa. Huhitaji nguvu. Mnyama huyu nzi akimtua ubavuni anatikisa ngozi ya mahali hapo tu, sasa wewe unampiga kisigino cha nini?

Kuzunguka ndiko kulikonipa raha zaidi na kulikochukua muda zaidi. Mguu wa nyuma wa ndani unakuwa nguzo, unabaki karibu mahali pamoja, na miguu ya mbele inavukana, wa nje unapita mbele ya wa ndani. Ukimharakisha anajigonga miguu yake mwenyewe, na akijigonga mara chache anachukia kitendo kizima. Kwa hiyo tulianza kwa kutembea duara dogo, tukalipunguza, tukalipunguza, mpaka miguu ya mbele ikakosa pa kwenda ila kuvukana. Hatua mbili safi, tunatoka mbele, tunapumzika. Hatua tatu kesho yake. Spidi sikuiomba, ilikuja yenyewe alipojua wapi pa kuweka kwato.

Siku ya kuivua hatamu haikuwa na shangwe. Tulikuwa kwenye uwanja wa mzee mmoja Utange, umezungushiwa ukuta, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeshavifunga vigwe kwenye tandiko nikitumia kamba tu. Saisi wetu, mtunza farasi, kijana mpole, alikuwa amesimama langoni na hatamu begani.

"Dada, na akitoka?"

"Funga lango."

Akalifunga. Nikaikaza helmeti juu ya mtandio, tukatembea, tukaenda telki, ule mwendo wa kati ya kutembea na mbio, tukaenda mbio za polepole upande wa kulia. Nikatuliza kiuno. Akasimama. Saisi akasema, "Kumbe ni hivyo tu," na alisema kweli, maana kichwani hakikuwa kimevuliwa kitu alichokuwa bado anakitegemea.

Ile ya kuteleza, msinidai. Farasi wa reiningi huvalishwa nyuma viatu vipana, laini, bapa, na uwanja wao hutengenezwa: chini pagumu na pasawa, juu mchanga mlegevu wa kutelezea. Mchanga wa pwani maji yakipwa unashika. Mguu unazama, unakwama, na mwili wote unakuja juu yake. Kano za miguu ya farasi aliyekwisha kimbizwa Ngong si za kuchezewa namna hiyo. Zabibu anasimama kwa hatua mbili tatu, matako yakishuka kidogo, na mimi nimeridhika.

Kuna jambo nataka kulisema hata kama litawaudhi wapenzi wenzangu wa farasi wa mitandaoni. Wanaposti picha ya farasi asiye na hatamu na kuandika kwamba huo ndio upendo wa kweli, kana kwamba hatamu ni kifungo na sisi tulioivua ni watu wema. Mimi sikubali. Farasi anaweza kupigwa mpaka akawa mtiifu, kisha ukamvua kila kitu na akaenda sawasawa, kwa hofu. Picha itakuwa ileile. Ukitaka kujua, mwangalie masikio, mwangalie mkia kama unapigapiga hewa, mwangalie taya kama linatafuna au limekazwa. Na mtu mwenye mkono mwepesi na lijamu laini anaweza kumtendea farasi wake vizuri miaka yote bila kuivua hata siku moja. Kuivua ni mtihani wa mpandaji: chochote ulichokuwa unakisawazisha kwa mkono bila kujijua kitaonekana. Mimi kilichoonekana ni kwamba bega langu la kushoto hutangulia kwenye kila duara.

Ndiyo maana pia nakataa kumleta ufukweni hivyo. Idd iliyopita walinibembeleza, na mmoja alitaja pesa nzuri. Hapana. Farasi anaona karibu pande zote, hukosa tu kipande kilicho nyuma ya mkia na kingine kidogo mbele ya paji la uso, na silaha yake ya kwanza ni kukimbia. Pale Pirates siku ya Idd kuna ngamia, kuna vijana na mpira, kuna boti za mwendo kasi, kuna mtoto anakuja mbio na koni ya aiskrimu, kuna puto linapasuka. Mafunzo yetu ni mazuri lakini hayajawahi kukutana na puto. Ufukweni Zabibu anavaa hatamu na saisi anatembea pembeni, na mtoto wako atarudi na miguu yake yote miwili.

Wanaotaka kuona waje Utange Jumamosi baada ya alasiri, wakae juu ya ukuta, wasipige mluzi. Kuzunguka kwa kulia mtakupenda. Kwa kushoto bado anautoa ule mguu wa nguzo kwenye hatua ya nne na kuuweka nje, na nina hakika tatizo ni lile bega langu kuliko mguu wake. Ami anasema nikae nyuma zaidi, kama kwa punda. Wiki hii nitajaribu.