Nilivyomfuata Mahjub bin Adam hadi Sachsenhausen

Mara tatu nilikata shauri kwenda Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi, mara tatu nikaghairi. Kwanza nilisingizia baridi, kisha mvua. Ya tatu sikuwa hata na kisingizio. Nauli si neno, treni ya S1 inakutoa katikati ya Berlin mpaka Oranienburg, halafu unatembea kama dakika 20. Miguu tu ilikuwa mizito.

Aliyenivuta ni mtu wa kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Mjerumani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa. Akabaki huko huko: akapeleka sahani mezani, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Nami ndiyo kazi inayonilipia kodi ya chumba hapa Berlin, kufundisha Kiswahili jioni, kwa hiyo kisa chake kilininyima usingizi. Mwaka 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, wakampeleka kambini. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Safari ya nne nilijiwekea sharti: nitatazama kitu kimoja, nirudi. Nilichagua njia ya kujaribia viatu. Inazunguka uwanja ambapo wafungwa walipangwa mistari na kuhesabiwa. Hapo walitembezwa kutwa, wengine na mizigo mgongoni, hadi kilomita 40 kwa siku, ili ijulikane soli ipi itawafaa wanajeshi. Sakafu yake hubadilika kila hatua chache: saruji, kokoto, mawe yaliyovunjwa, mchanga. Niliingia na raba zangu nzuri, na bado mawe yale niliyasikia kwenye nyayo. Sikumaliza hata kipande cha njia kilichobaki hadi leo. Nikakaa chini, sioni haya kusema, nikasoma Fatiha, nikaondoka.

Jioni nilipitia Brunnenstraße namba 193, alikokuwa akiishi. Kuna kijiwe cha shaba njiani, ukubwa wa kiganja, chenye jina lake. Kilikuwa kimeingia weusi. Nilimwaga maji ya chupa, nikasugua kwa leso. Bibi mmoja akasimama, akaniuliza kama ni ndugu yangu.

"Mwalimu mwenzangu," nikamjibu, nikaendelea kusugua.