Nyumba iliyolala kushoto

Jumapili. Theluji ya Prague imeanza kuyeyuka, ile inayopenya mpaka kwenye soksi. Nilijibanza Národní galerie, jumba la taifa la sanaa, na nakiri kilichoniingiza ni joto la ndani. Nikakwama mbele ya picha moja mpaka mlinzi akaanza kunikazia macho.

Ni ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, ya kati ya 1885 na 1887: jumba la Jas de Bouffan, nje kidogo ya Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Ukuta wa rangi ya manjano unapigwa jua, paa jekundu, majani mabichi mbele, majengo ya shamba upande wa kulia. Lakini jumba lenyewe limelala kushoto! Mimi mtoto wa mwashi, nimeshika timazi kabla ya kalamu. Jicho langu liligoma.

(Wajuzi humtoa Cézanne kwenye kundi la Waimpreshonisti, wale wachoraji wa Ufaransa waliofukuzia mwanga wa papo hapo. Sawa, lakini alionyesha kazi zake pamoja nao 1874 na 1877, na rangi hizi za mwanga alizizoea akichora bega kwa bega na Pissarro, mmoja wao.)

Jumba lilikuwa la baba yake. Mzee Louis-Auguste alianza na biashara ya kofia, akaishia kuwa na benki, akalinunua 1859. Alitaka mwanawe awe mwanasheria. Mwana akaiacha sheria, akashika brashi, akawa anaishi kwa posho ya mzee. Kwa kuogopa kukatiwa, akaficha miaka na miaka kwamba ana mwanamke, Hortense, na mtoto wa kiume aliyezaliwa 1872. Ndoa ilikuja kufungwa Aprili 1886. Oktoba mwaka huohuo mzee akafariki. Kwa hiyo wakati kuta hizi zinachorwa, ama mzee alikuwa humo ndani, ama ndiyo kwanza ametolewa kwenda kuzikwa. Na mchoraji ana miaka arobaini na kitu, bado yuko kwa baba.

Mimi nina thelathini na moja. Ada ya uhandisi wa ujenzi aliilipa baba kwa mikono yenye saruji, na tangu Septemba sijakanyaga darasani.

Nikaipiga picha, nikamtumia.

"Shikamoo baba. Tazama nyumba hii."

"Marahaba. Mwashi alilipwa huyu? Au ndiyo mnafundishwa huko kama mfano wa kosa?"

Niliandika mistari mitatu. Nikafuta. Nikaandika tena mmoja, nao nikaufuta, huku yeye upande wa pili akiona kabisa kwamba naandika.

"Imesimama mpaka leo, baba. Sasa ni mali ya mji."

"Basi aliyekosea ni mchoraji. Mwashi hana deni."

Halafu, baada ya dakika kumi hivi: "Unakula lakini?"