Bamba lisilo na kasoro halitaki kukatika

Chora bamba la chuma kwenye kompyuta: unene uleule kila mahali, kingo zimenyooka, ncha zikiwa huru kusinyaa. Livute. Kani itapanda, itafika kilele, itashuka, na bamba bado limenyooka, halina kiuno, yaani sehemu iliyokonda kuliko nyingine, popote. Kompyuta hukokotoa kwa kuligawa bamba katika vipande vidogo, na vipande vyote vinategeana. Hakuna kinachotaka kuanza.

Kanuni yenyewe ni ya zamani, mhandisi Mfaransa Considère aliieleza mwaka 1885. Chuma kikivutwa huzidi kuwa kigumu, na papo hapo hukonda. Ugumu ukiweza kufidia kule kukonda, hakuna shida. Ukishindwa, palipotangulia kukonda ndipo panapozidi kukonda, kwingine kunastarehe. Kwa chuma kinachofuata fomula ya Hollomon, yaani mkazo ni K mara urefukaji halisi (unaojumlishwa hatua kwa hatua) wenye kipeo n, ambapo K na n ni namba za chuma chenyewe, mambo huharibika urefukaji huo unapofikia n. Ikiwa n ni 0.22, bamba limeshaongezeka urefu kwa takribani asilimia 25.

Hicho ni kiuno kipana tu. Ninachokisubiri mimi huja baadaye: mfereji mwembamba wa mshazari, karibu digrii 55 kutoka mwelekeo wa kuvuta ikiwa chuma kina tabia moja pande zote, kama mwanahisabati Hill alivyokokotoa mwaka 1952. Nikipulizia bamba rangi nyeupe na madoadoa meusi ili kamera iyafuate, naona madoa ya nje ya mfereji yamesimama kabisa, ya ndani yanaachana mpaka rangi inabanduka.

Lakini bamba la kompyuta halina pa kuanzia, kwa hiyo lazima lipewe sababu. Marciniak na Kuczyński, mwaka 1967, waliweka kwenye hesabu yao ukanda wenye unene pungufu kidogo tangu mwanzo. Nami hupunguza unene mahali pamoja, kiasi kisichoonekana kwa macho. Wapo wanaosema huko ni kuiba mtihani. Siafiki; bamba lililobanwa kati ya roli za kiwandani halijawahi kuwa na unene mmoja.

Kinachonikera hasa ni ukubwa wa vipande. Ukivifanya vidogo, mfereji hujibana kwenye safu moja, na bamba "hukatika" mapema zaidi. Mimi huwa sishuki chini ya unene wa bamba lenyewe. Hata maabara kuna jambo kama hilo: chuma kilekile, urefukaji uliopimwa kwa milimita 50 hutoka na asilimia kubwa kuliko wa milimita 80, kwa kuwa kiuno kimechukua sehemu kubwa ya kipimo. Mtu akiniletea kikomo cha kukatika bila kutaja ukubwa wa vipande alivyotumia, namrudishia faili lake.