Siku niliyolinywesha gari likapaliwa

Injekta, vile vipulizi vinavyomwaga petroli kwenye injini, zilikuja nne kwenye boksi dogo, kila moja na oringi zake mpya, nami nikazipanga mezani nikazitazama kama mtu aliyepata vito. Zile za gari langu zilitoa sentimita za ujazo 295 kwa dakika, hizi 440. Hesabu yangu ilikuwa fupi: mafuta mengi, nguvu nyingi. Wiki moja kabla nilishaweka pampu kubwa zaidi tangini na gari halikulalamika, kwa sababu rigeleta, kidhibiti cha presha ya mafuta, ilishika presha palepale kwenye baa 3 na mafuta yaliyozidi yakarudi tangini. Nikadhani na injekta zitakuwa vivyo hivyo.

Kuzifunga hakukunimalizia hata asubuhi. Nikawasha. Gari likawaka kwa shida, likatetemeka, na harufu ya petroli mbichi ikanifikia nikiwa bado kwenye usukani. Nikapiga resi: moshi mweusi. Nikajifariji kwamba kompyuta ya injini itazoea. Nilishasikia kwamba hujifunza, na ni kweli, ila sikujua inajifunza nini wala inaishia wapi.

Siku ya tano taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, nikaenda kwa fundi. Kabla hata ya kugusa mashine ya kupimia alifungua plagi moja, akaipitishia kidole gumba, akanionyesha kidole: masizi makavu, kama ya kioo cha kandili. Ndipo akachomeka mashine. Msimbo P0172, mafuta yamezidi.

"Tazama hapa, mdogo wangu."

Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ambayo gari likiwa halina ubovu hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, ilikuwa imeganda juu. Chini yake palikuwa na marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza: asilimia hasi 25.

"Hapo ndipo mwisho wake. Imebana mpaka imeshindwa."

Kumbe kompyuta haizioni injekta. Inapima hewa iliyoingia, inalenga petroli gramu 1 kwa hewa gramu 14.7, kisha inatumia namba iliyoandikiwa kiwandani kukokotoa injekta ifunguke kwa milisekunde ngapi. Namba yangu ilikuwa bado ya zile 295. Kwa hiyo kila ilipoagiza kijiko, injekta zilimwaga kijiko na nusu. Sensa ikalalamika, kompyuta ikapunguza muda, ikapunguza tena, mpaka ikafika robo nzima, na bado petroli ilizidi kwa kama asilimia 12.

"Hewa umeongeza? Umefunga turbo?"

"Hapana, fundi."

"Sasa mafuta yote hayo yaungue na nini?"

Sikuwa na jibu. Akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi: hata nikikanyaga mafuta mpaka chini, injekta za zamani hazikuwa zikifunguka zaidi ya asilimia 70 ya muda zilionao. Hazikuwa zimeelemewa na chochote. Akaniambia nizirudishe, halafu nilete gari afute kumbukumbu ya kompyuta. Nusu ya kwanza niliisikia vizuri.

Nikazirudisha mwenyewe jioni ile ile, nikafunga plagi mpya, nikawasha nikiwa na uhakika kamili. Gari likawa bovu kuliko lilivyokuwa na moshi wake. Likiwa baridi lilizima mara mbili. Nikikanyaga lilisita, likakohoa, ndipo likaondoka. Nilifungua bonet nikakagua kila waya niliougusa. Na niungame: nilimshuku fundi, kwamba mashine yake imeharibu kitu.

Kesho yake alicheka mpaka akaweka spana chini. "Uliifundisha kubana robo, na bado inabana. Nani ameiambia umerudisha zile ndogo?"

Gari lile lile, injekta zake za kiwandani, na lilikuwa linakufa njaa kwa adabu niliyolifundisha mimi. Lingeachwa lingejirekebisha lenyewe polepole, lakini fundi hakuwa na subira hiyo. Akabonyeza mara mbili kwenye mashine, akaniashiria niwashe.

Nilisahau hata kuisikiliza injini. Nilikuwa nimeikodolea macho ile namba ya marekebisho: 0, halafu hasi 2, halafu 1, halafu hasi 1.