Atajisemea Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sina neno jipya. Nina aibu niliyokaa nayo tangu Jumapili mchana, na nimeona niitoe hapa.

Walitujia wanafunzi wanne wa chuo cha Biblia, wanaosomea huduma ya vijana. Walitumwa wakae na vijana wetu, wasikie wanavyomwamini Mungu huku wakihangaika na maisha. Mimi, mlezi wa vijana, nikajiandaa kama kwenye harusi: viti vya plastiki nusu duara, soda, na vijana watano niliowateua mwenyewe, wale wanaojua kuongea. Naungama, niliwaelekeza hadi pa kumalizia. Nilikuwa nani, Yesu akanikutaje, sasa niko wapi, amina.

Aliyesimama wa nne hakuwa kwenye orodha yangu. Ni dereva wa bodaboda, alifika amechelewa, kofia ngumu mkononi. Akasema, "Mimi naomba kitu kimoja, mwaka wa tatu huu. Sijajibiwa. Ila Jumapili nisipokuja najisikia vibaya, ndiyo maana nakuja." Akanyamaza, kama mtu anayetafuta neno la kuendelea. Nikamdakia, "Amina! Lakini Bwana amekujibu kwa njia nyingine, si ndiyo?" Akaniangalia. "Ndiyo, mwalimu." Akaketi. Binti mmoja kati ya wale wanafunzi, aliyekuwa akiandika mfululizo, akafunika kalamu yake.

Usiku ule nikafungua Yohana 9. Mnaijua habari ya yule aliyezaliwa kipofu, Yesu akamponya, na wakubwa wa dini wakawahoji wazazi wake. Wazazi wake walisema kwa kuwaogopa Wayahudi, lakini neno lao lilinichoma: "Muulizeni yeye mwenyewe, yeye ni mtu mzima, atajisemea mwenyewe." Naye akajisemea. Mengine hakuyajua, akasema hayajui. Alijua moja tu, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Wakubwa wa dini hawakuridhika, wakamuuliza tena na tena, mpaka akawaambia, "Nimekwisha kuwaambia, wala hamkusikia." Mwisho wakamtoa nje. Mimi sikumtoa kijana wangu nje. Nilimketisha tu, kwa amina.

Ndugu zangu walezi, wainjilisti, wachungaji, tuambiane ukweli. Tunapenda ushuhuda ulioiva. Kijana akija na mbichi, tunamwivishia palepale madhabahuni. Anajifunza haraka sana: anajua maneno gani yanaitikiwa na yapi yanaleta ukimya, basi anatupa tunayotaka. Kisha kipaimara kikipita haonekani tena, nasi tunaitisha semina kuuliza vijana wamepotelea wapi. Wamepotea wakiwa mbele yetu, wameshika kipaza sauti!

Haikuwa hivi kwa wazee wetu. Bibi yangu wa Bukoba aliupokea uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Wao walisema kutembea nuruni, na nuru yao haikuchagua: mtu alisimama akataja deni alilolikana, chuki aliyo nayo kwa wifi yake hadi asubuhi ile. Hakuna aliyemrekebishia. (Walikuwa na makosa yao pia, ukali mwingi, lakini hilo siku nyingine.)

Nanyi mnaosomea huduma hii, nawasihi kwa upendo. Madaftari ni mazuri. Hata Bwana wetu, akiwa na miaka 12, aliketi katikati ya waalimu akiwasikiliza na kuwauliza. Kijana akisema hajajibiwa, usimfungulie mstari. Kaa naye hapo. Kimya chake kikikutisha, jua hofu hiyo ni yako, si yake, wala Mungu hajatikisika.

Alhamisi nilikwenda kijiweni kwao. Nikamwambia, "Jumapili nilikukatisha, nisamehe. Ulitaka kusema nini?" Akacheka kidogo, akaangalia chini. Abiria akaita. "Mwalimu, ngoja nimpeleke huyu mama, narudi." Nikaketi kwenye benchi lao, chini ya mwembe, nikamngoja.