Taa ya miche: siku ya 9 na mkanda haujabanduka

Siku ya tisa leo, hakuna kipande kilichodondoka. Naandika kwa sauti ndogo, mkanda usije ukanisikia.

Mkanda wenyewe ni roli moja ya taa za LED, mita 5, volti 12, nimeikata vipande 8 vya sentimita 60 nikavibandika kwenye fremu, chini trei za nyanya na hoho. Dirisha la chumba chetu linatazama ukuta wa jirani, jua tunalisikia tu kwa wenzetu.

Sasa shida yenyewe. Kila nikibandika, siku mbili tatu nyingi, asubuhi nakuta ncha inaning'inia juu ya miche kama ulimi wa mbwa. Nikajua gundi ya mgongoni ni feki. Nikaleta supa gluu juu ya plaiwudi, ikakauka nyeupe ngumu kama kioo, taa ikipata moto ikapasuka ta ta ta. Nikaja na gundi ya bunduki, hiyo ndo upuuzi kabisa, unashikilia kitu cha moto kwa gundi inayolainika kwa moto, sijui nilikuwa nawaza nini. Steplaiza nayo nimejaribu, pini moja ikagusa shaba pande zote mbili, pawa saplai ikajizima, nikashukuru Mungu nikazing'oa zote na bisibisi.

Fundi wa madirisha ya aluminiamu akaniuzia mabaki ya pembe, vile vyuma vya umbo la L, kwa bei ya soda. Aluminiamu inaondoa joto kwenye mkanda, plaiwudi inalifungia ndani. Nikafuta na spiriti, nikabandika kwa tepu ya VHB, ile nene yenye gundi kali pande mbili, nikaacha saa 72 bila kuwasha maana ile gundi inaendelea kushika mpaka siku ya tatu. Nikawasha. Siku ya nne, ncha ile ile. Ncha TU, katikati hata ukucha hauingii.

Hapo ndo nikavuta stuli nikakaa kuangalia. Kumbe gundi haina kosa, ni waya! Vipande nilikuwa nimeviunganisha kwa waya za ndani ya kebo ya intaneti, zile za shaba moja ngumu, kisa nilikuwa nazo bure ndani. Ukizikunja zinataka kurudi zilivyokuwa, usiku kucha zinavuta ncha taratibu, na ncha zote 16 nimezifunga hivyo hivyo kwa mkono wangu. Wiki tatu naitukana gundi aisee.

Nimezitoa, nimeweka waya laini za spika mbovu, na kila waya kabla haijafika kwenye mkanda naikaza kwanza kwenye pembe na zip tai, ukiivuta inavutika zip tai, mkanda hauna habari. Juu ya kila ncha tone la silikoni. Ila ile inayonuka siki usiiguse, asidi yake inakula shaba, utaona kijani baada ya muda.

Wiki hii nilipanga kufunga taima, sijafunga. Pembe zimebaki tatu basi nimeanza kuwaza ghorofa ya mchicha juu ya nyanya. Mke wangu kaniuliza trei za juu nikimwagilia maji yatashukia wapi, na pawa saplai iko chini yake. Nimeihamishia ukutani usiku huo huo.