Siku Moja Maishani Mwangu: Kuhesabu Marejeleo ya Mkemia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimekwisha kuinjika chai. Maji ya chai hiyo huyanunua kwa mtungi wa lita ishirini, wala si kwa anasa. Nilikulia pembeni mwa Njoro tukinywa maji ya kisima, na ushahidi ninao mdomoni: meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki uliowahi kuyaondoa. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huachilia floraidi katika maji ya chini ya ardhi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Marehemu mama aliamini kwamba kuyachemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haipandi na mvuke. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani, ndivyo inavyozidi kukolea katika yale yanayobaki. Nayataja haya mapema kwa sababu mkemia ambaye nilishinda na makala zake Jumanne ninayoisimulia hapa amefanya kazi ya miaka mingi juu ya floraidi hiyo hiyo, na sitaki msomaji adhani kwamba nilimhesabia marejeleo, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa katika kazi nyingine, nikiwa sina upendeleo wowote moyoni.

Saa moja na robo nilikuwa ndani ya matatu, nimebanwa dirishani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya ngano.

Saa mbili kamili nilifungua ofisi. Mimi ni mkutubi wa utafiti katika chuo kikuu kimoja cha Kaunti ya Nakuru, na mezani nilikuta barua ya mistari miwili: nithibitishe machapisho na marejeleo ya mhadhiri mwandamizi wa kemia anayeomba kuwa profesa mshiriki, na nijaze fomu iliyoambatishwa kabla ya saa kumi alasiri. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha takwimu, kilichoandikwa "Fahirisi ya h", kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyorejelewa. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba tarakimu mbili zingekijaza.

Watu wengi huona kazi hii kuwa ya ukarani, na nusu yake kweli ni ya ukarani. Hata hivyo, asili yake inamhusu mkemia. Eugene Garfield, Mmarekani aliyesomea kemia, aliandika katika jarida la Science mwaka 1955 akipendekeza faharasa itakayoonyesha ni makala ipi imerejelewa na makala zipi zilizoifuata, na mwaka 1964 taasisi yake ya mjini Philadelphia ikaanza kutoa Science Citation Index. Shabaha yake ya mwanzo ilikuwa kumsaidia mtafiti afuatilie safari ya wazo, yaani lilikopokewa, lilikopingwa na lilikosahihishwa. Kupandishana vyeo kulikuja baadaye, kukaketi kwenye kiti cha mbele.

Saa tatu nilianza na Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, kwa kuwa ndiko mwombaji mwenyewe alikotoa takwimu zake. Wasifu wake ulionyesha rekodi 20 na marejeleo 305. Programu humpa mtu fahirisi papo hapo, lakini mimi huihesabu kwa mkono, kwa penseli na rula, kwa sababu kosa hujificha kwenye orodha, halijifichi kwenye jumla. Kanuni yenyewe ilitolewa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego: panga makala kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi, kisha shuka nazo hadi mstari wa mwisho ambao namba yake bado haijaipita idadi ya marejeleo; namba hiyo ndiyo fahirisi. Niliandika hivi, kutoka juu kwenda chini: 112, 47, 31, 22, 18, 15, 12, 11, 9, 9, 6, 4, halafu vidogo vidogo na sifuri tatu. Mstari wa tisa una 9, kwa hiyo unapita. Mstari wa kumi nao una 9, kwa hiyo hautoshi. Fahirisi ni 9.

Ndipo nilipoitazama ile 112 kwa makini. Kichwa chake kilihusu upasuaji wa goti.

Nilifungua makala yenyewe. Jina la ukoo lilikuwa lile lile na herufi za kwanza zilikuwa zile zile, ila mwandishi alikuwa daktari wa mifupa wa nchi nyingine kabisa, na mashine ilikuwa imemkabidhi mkemia wetu goti la mtu. Chini zaidi nilikuta makala moja imeingia mara mbili, kwa sababu mahali fulani mtu alikosea herufi moja ya kichwa. Nakala moja ilikuwa na marejeleo 6 na nyingine 4, na nilipoyalinganisha hakuna hata moja lililojirudia.

Saa nne na nusu nilimpigia simu mkemia wetu, naye akaja mwenyewe maktabani, koti la maabara likiwa bado mwilini.

"Daktari, samahani kwa kukusumbua. Hii ya goti ni yako?"

Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma, akavua miwani. "Mama, mimi goti nalijua nikipanda ngazi tu."

Nilimwuliza kama hakuwahi kuiona. Alikiri kwamba aliiona miaka miwili iliyopita, akadhani itajiondoa yenyewe. Sikumlaumu kwa sauti, lakini kwa maoni yangu mtu anayeweka takwimu kwenye barua ya maombi anawajibika kwa kila mstari ulioizaa takwimu hiyo. Tuliiondoa makala ya goti, tukaziunganisha zile rekodi mbili, kisha tukaoanisha orodha na namba yake ya ORCID, zile tarakimu 16 ambazo tangu mwaka 2012 zimekuwa zikiwatenganisha watafiti wanaochangia majina.

Hapo likatokea jambo ambalo ningependa kila mjumbe wa kamati alione kwa macho yake. Marejeleo yalishuka kutoka 305 hadi 193, zaidi ya theluthi moja yakiwa yamekatwa, na makala zikabaki 18. Fahirisi ilibaki pale pale. Ilipoondoka 112, kila makala ilipanda ngazi moja; ile 9 ya pili ikakaa mstari wa tisa, ikatosha. Ilipoingia 10 ya rekodi zilizounganishwa, 9 ile ikasukumwa tena hadi mstari wa kumi, na mstari wa tisa ukabaki na mwenzake. Tisa ya kwanza ilikuwa na uongo ndani yake na tisa ya pili haikuwa nao, na mtu anayesoma kisanduku peke yake hawezi kuzitofautisha.

"Kwa hiyo sijapoteza kitu?" Daktari aliuliza.

"Umepoteza marejeleo 112 ambayo hayakuwa yako," nilimjibu, naye akacheka, ingawa si sana.

Saa tano na dakika arobaini niliingia Scopus, hifadhidata iliyoanzishwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2004. Huko mtu yule yule ana makala 11, marejeleo 98 na fahirisi 6. Hakuna aliyedanganya. Scopus huchagua majarida inayoyahesabu, ilhali Google Scholar huokota karibu kila maandishi ya kitaaluma inayoyafikia mtandaoni, zikiwamo tasnifu na ripoti. Na makala saba za Daktari zimo katika majarida ya kanda yetu na vitabu vya makongamano ambavyo Scopus haivifuatilii. Nilikuwa nikinakili orodha ya hizo saba wakati stima ilipopotea.

Giza la dakika ishirini lilinipa nafasi ya kumjibu kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazi, ambaye alitaka kujua kwa nini tusiangalie tu kipimo cha athari cha jarida na kumaliza. Kipimo hicho ni cha jarida: huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala zilizochapishwa miaka miwili iliyotangulia, kisha hugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Nilimpa mfano ninaoupenda. Mwaka 2008 mkemia George Sheldrick wa Göttingen, Ujerumani, alichapisha katika Acta Crystallographica, sehemu A, makala kuhusu programu zake za kuchambua maumbo ya fuwele, na karibu kila aliyezitumia akairejelea. Kipimo cha jarida hilo kikaruka kutoka takribani 2 hadi takribani 50 kwa mwaka 2009. Wenzake waliochapisha humo miaka hiyo waliamka wakiwa na jarida la 50 bila makala zao kuongezewa hata neno moja. Kijana alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na miaka hiyo miwili ilipopita?" Nikamwambia kipimo kilishuka tena, na hapo stima ikarudi.

Saa saba nilikula githeri kwenye mkahawa wa wafanyakazi. Iliungua kidogo chini.

Saa nane hadi saa tisa na robo ndiyo saa ninayoipigania kila mara, kwa sababu hakuna fomu inayoiomba. Nilichagua makala moja ya Daktari, mojawapo ya zile zenye 9, nikafungua kila kazi iliyoirejelea na kusoma sentensi yenyewe. Makala hiyo inahusu makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa haba hadi iwe makaa meusi. Maji yanapopita katikati yake, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo hushika floraidi na kuachilia haidroksidi badala yake, mpaka makaa yashibe na kuhitaji kubadilishwa. Njia hii si ngeni Nakuru, kwani Dayosisi ya Katoliki imeitumia kwa miaka mingi. Alichofanya Daktari ni kupima, kwa maji ya visima vya eneo letu, ni lita ngapi hupita kabla chujio halijachoka.

Kati ya marejeleo tisa, saba yalikuwa katika utangulizi, jina lake likiwa limefungwa kwenye mabano pamoja na mengine sita au manane, kuthibitisha kwamba floraidi ni tatizo Afrika Mashariki, jambo ambalo mdomo wangu ungelithibitisha bila makala yoyote. Moja lilichukua vipimo vyake na kuvifanya msingi wa hesabu mpya. La mwisho lilimpinga kuhusu joto la tanuri, kwa hoja nzito, kurasa mbili nzima. Mashine imeyahesabu yote sawa. Kwangu mimi hayo mawili ya mwisho yana uzito kuliko saba ya kwanza, na lile la kumpinga huenda likawa zito kuliko yote, maana mtu hapotezi kurasa mbili kubishana na kazi asiyoithamini. Makala yake yenye 47, kwa upande mwingine, ni ya mapitio, inayokusanya kazi za wengine, na makala za namna hiyo kwa kawaida hurejelewa zaidi kuliko utafiti wenyewe. Shule ya msingi inayotumia chujio lile haimrejelei popote. Watoto hawaandiki makala.

Niliyahesabu pia marejeleo aliyojirejelea yeye na waandishi wenzake: 21 kati ya 193. Si dhambi, anayeendeleza kazi yake hulazimika kuitaja. Yakiondolewa, fahirisi inakuwa 8. Mojawapo ya makala zenye sifuri ilinisumbua zaidi, kwa kuwa imo katika jarida linaloahidi kupitia makala kwa saa 48 baada ya kulipwa, na mwenyewe aliponijibu kwa ujumbe mfupi hakujitetea: "Nilikuwa na haraka mwaka ule, Mama. Iondoe." Sikuiondoa kwenye orodha, kwa sababu aliichapisha. Niliandika pembeni yake ilivyo.

Saa tisa na robo nilikaa kuandika. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linataka kipimo cha jarida kisitumiwe kumpima mtafiti mmoja mmoja, na Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015 inataka takwimu zisaidie hukumu ya wataalamu badala ya kuchukua nafasi yake. Sikuyanukuu kwa urefu, maana kamati husoma ukurasa wa kwanza. Niliandika chanzo cha kila namba na tarehe niliyoitazama, nikaweka 9 ya Google Scholar, 6 ya Scopus na 8 isiyo na marejeleo ya mwenyewe katika sentensi moja, nikaeleza rekodi mbili zilizosahihishwa, na ukurasa wa pili nikaujaza yale niliyosoma kuhusu makaa ya mifupa.

Saa kumi kasoro robo nilifika ofisi ya idara. Karani, kijana mwenye adabu, alipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Asante, Madam. Namba ni ngapi?"

"Zimeandikwa humo."

"Nahitaji moja ya kuingiza kwenye daftari."

Nilimwambia aandike 9, Google Scholar, pamoja na tarehe ya leo, naye akaandika 9, kwa sababu safu ya daftari ilikuwa nyembamba. Kisha akaubana ukurasa wa kwanza kwenye faili na kuuweka wa pili kando, juu ya rundo la karatasi za kuchapia upande wa nyuma. Nilimwomba aziunganishe. Alibonyeza stepla mara tatu, ikawa tupu. Nilivuka uwanja hadi maktabani, nikachukua kisanduku changu cha pini, nikarudi, nikazibana kurasa mwenyewe kwa pini mbili, juu na katikati, nikatia sahihi kwenye safu ya aliyewasilisha. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili.